Mlinzi Mpya wa Chumba cha Kufulia

Harufu ya nguo zinazokauka kwa joto la mashine, iliyochanganyika na sabuni ya maua na vumbi la pamba lililoungua kidogo, ndiyo harufu ya mwaka nilipokuwa na umri wa miaka kumi. Tulikuwa tukiishi Bladensburg, Marekani, nje kidogo ya jiji la Washington, katika jengo la matofali mekundu ambalo mvua ikinyesha lilipata harufu ya tope la mtoni. Chini kabisa ya jengo hilo kulikuwa na chumba cha kufulia, chenye kijidirisha kimoja tu karibu na dari, na mashine zilizopangwa pande mbili zikitazamana kama watu waliokorofishana. Kila Jumamosi mama zetu walitutuma huko tukazilinde nguo, kwa maana wapangaji wenye haraka walikuwa wakizitoa za wenzao zingali mbichi na kuzirundika juu ya meza. Kwa mama zetu hiyo ilikuwa kazi ya kuwapunguzia watoto uvivu. Kwetu ilikuwa safari. Milango ya mviringo ya zile mashine ilikuwa madirisha ya chombo cha angani, na shuka zilizokuwa zikizunguka ndani yake zilikuwa mawingu ya sayari ambazo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuzifikia.

Mambo hayo ya angani tuliyapata kwa Mama Idi, jirani yetu wa ghorofa ya kwanza. Alikuwa Mtanzania wa Tanga aliyeishi Uingereza miaka mingi kabla mumewe hajapata kazi Washington, na kutoka huko alikuja na mapenzi ya kipindi kimoja cha televisheni cha hadithi za kisayansi, kilichokuwa kimeanza kuonyeshwa kabla yeye hajazaliwa. Kilihusu mnara wa taa unaoelea kati ya nyota, na Mlinzi wake aliyewaongoza wasafiri waliopotea. Mlinzi huyo hakuwa mtu wa kufa. Mwigizaji wake alipochoka au kuzeeka, Mlinzi aliingia ndani ya mwanga wa taa, akatoka na sura nyingine na hata tabia nyingine, lakini akiwakumbuka wote aliowahi kuwaokoa. Ndiyo hila Waingereza waliyoitumia kukirefusha kipindi miaka nenda miaka rudi, nasi watoto tuliiamini kama tulivyoamini kwamba jua huchomoza. Jumamosi jioni tulijazana kwenye zulia la Mama Idi, kila mmoja na andazi lake, na ole wake aliyetafuna kwa kelele.

Katika mchezo wetu Mlinzi alikuwa Idi, mwana wa pekee wa Mama Idi, mwenye miaka kumi na mitatu na urefu wa kutosha kufikia swichi ya taa bila kupanda kitu. Alivaa koti la mvua la baba yake, la rangi ya manjano, akashika tochi. Mimi nilikuwa msaidizi wake, na mdogo wangu Brian, wa miaka sita, alikuwa roboti, kwa sababu roboti hahitaji kukumbuka maneno mengi. Tulicheza kwa Kiingereza. Kila kitu tulikifanya kwa Kiingereza. Wazazi wetu walitoka Kisii, na nyumbani mama alituzungumzisha Kiswahili kutoka asubuhi hadi jioni. Tulikielewa chote, tukamjibu kwa Kiingereza. "Mwacha asili ni mtumwa," alituambia alipochoka, nasi tukamjibu, kwa Kiingereza, kwamba tumesikia.

Majira ya kuchipua ya mwaka ule, yule mwigizaji tuliyemzoea aliaga. Tulimwona akiingia kwenye mwanga, na alipotoka hakuwa yeye tena. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mnene kiasi, mwenye Kiingereza cha kwao ambacho ilitubidi tukitegee sikio. Brian alilia. Mimi pia nililia, ila niligeuka ukutani. Idi alisimama akasema, "Siyo yeye. Wamekiharibu," akaondoka. Mama Idi hakumfuata. Alitumiminia chai, akasema kwa upole, "Lieni tu wanangu. Kila aliyeondoka nimemlilia, na kila aliyekuja nimemchukia. Halafu siku moja najikuta namsubiri huyo huyo. Kipya kinyemi ingawa kidonda."

Haukupita muda Idi akaniletea lile koti mlangoni. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza, na alitazama kila mahali isipokuwa usoni pangu. "Nimekua," alisema. "Chukua wewe. Sasa ni zamu yako." Sijui kama niliwahi kupewa kitu kikubwa kama kile. Nilikuwa nimesubiri zamu hiyo tangu nilipoanza kujua kusubiri. Koti lilinifika vifundoni, nikalivaa hata mezani, mpaka mama akanivua kwa nguvu ili nisilipake mchuzi.

Kufikia wakati huo, ghorofa ya tatu ilikuwa imeshapata wapangaji wapya, mama na binti yake kutoka Bukavu, Kongo, waliofika Marekani baada ya kukaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi. Mama mtu alikuwa akisafisha vyumba vya hoteli kule Oxon Hill, akiondoka alfajiri na kubadilisha basi njiani. Binti aliitwa Furaha, ana miaka kumi na mmoja, mwembamba, na hakuwa akisema neno. Shuleni alikaa karibu nami katika basi na darasani, akatazama mikono yake. Mwalimu alimsemesha polepole, kisha kwa sauti kubwa, kisha kwa picha; Furaha alitazama mikono yake. Siku za Jumamosi alishuka na kapu la nguo, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye kona, akatutazama tukicheza. Tulimzoea kama tulivyoizoea ile ndoo.

Jioni moja Mama Furaha alikuja kwetu akiwa bado amevaa sare ya kazi, akakaa jikoni na kulia. Shule ilikuwa imemwita. Walidhani mtoto ana kasoro ya akili, na walitaka kumpeleka shule nyingine ya mbali, ya watoto wasioweza kusema. Mshauri wa shule angekuja kwanza kumwona nyumbani. "Banasema mutoto yangu hana akili," Mama Furaha alisema kwa Kiswahili cha kwao, ambacho "ndiyo" huwa "njo". "Anasema! Anasema na miye kila siku. Inje ya nyumba njo anaogopa." Mama yangu, aliyekuwa akitunza wazee majumbani na kujua kumtuliza mtu kwa mkono tu, alimshika bega. "Mama Furaha, tulia. Huyu wangu naye hataki kuniongelesha Kiswahili hata neno moja, na bado hakuna mtu amemuita bubu." Wote wawili walicheka kidogo, machozi yakiwa bado hayajakauka. Mimi niliyekuwa mlangoni sikucheka.

Jumamosi yangu ya kwanza ya kuwa Mlinzi, joto lilikuwa limeshuka juu ya Bladensburg kama blanketi lililoloa, na alasiri radi zikaanza. Nilikuwa nimesimama juu ya meza, koti limenivaa, nikitoa amri kwa Kiingereza cha televisheni, Brian akinifuata kwa hatua za kiroboti. Halafu ngurumo moja ikapiga kama imepiga jengo lenyewe, na umeme ukakatika. Mashine zote zilinyamaza mara moja. Wingu lilikuwa limekiziba kile kijidirisha, na chumba kikawa cheusi tititi. Tochi ilinidondoka ikabiringika nisikojua. Brian akapiga ukelele ambao sijausikia tena kwake, wa mtoto aliyesahau kwamba anacheza. Nilitaka kumfuata. Mlinzi wa mnara wa taa alikuwa amesimama juu ya meza, hawezi kusogeza mguu.

Ndipo nikaisikia sauti. Haikuwa kubwa, lakini ilikuwa imara, na ilitoka kwenye ile kona. "Musiogope, batoto. Haiko kitu. Ni mvua tu." Nyayo zikasogea sakafuni, mtu akapapasa, na mwanga wa tochi ukawaka. Furaha alikuwa ameishika, ameielekeza juu darini ili ituangazie sote. Alimshika Brian mkono, akamkalisha kwenye kapu la nguo zilizokauka, zenye joto, akamfunika taulo. Brian aliuliza kwa kwikwi, kwa Kiingereza, yeye ni nani. Sijui Furaha alilielewa vipi swali hilo, au labda alikuwa ameelewa mengi muda wote ule. Alijibu, "Sasa miye njo Mulinzi. Usilie." Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na ule ulikuwa mshindo wake. Aliongea mfululizo mpaka umeme uliporudi, akitueleza radi za kwao, milima, ziwa, jinsi bibi yake alivyokuwa akifunika kioo kwa kitambaa wakati wa ngurumo. Umeme ulipowaka akanyamaza, akatazama mikono yake, kama mtu aliyeamshwa. Lakini Brian alikuwa ameshaamua. Alisimama mbele yake kiroboti na kusubiri amri.

Nilipanda ngazi na kapu letu, na lile koti likawa zito kama lina maji. Mama alinikuta nimeketi sakafuni jikoni. Nilimsimulia yote kwa Kiingereza, haraka haraka. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilidhani ataniambia niwe mtoto mzuri, nimwonee huruma mwenzangu. Badala yake aliketi chini karibu nami, na magoti yake yaliyokuwa yakimuuma, akauliza, "Sasa ni nini hasa kinakuuma?" Nikatafuta neno la Kiingereza lenye uzito wa kutosha, nikalikosa. "Zamu yangu," nikasema. Lilitoka lenyewe, kwa Kiswahili. "Pole, Kemunto," mama alisema. "Zamu ikichukuliwa inauma. Hata aliyeichukua akiwa anaihitaji, bado inauma." Tulikaa pale mpaka mvua ilipoisha.

Hakuna aliyeniambia nilipeleke lile koti. Nilikwenda mwenyewe siku iliyofuata, baada ya kanisa, nikabisha ghorofa ya tatu. Furaha alifungua mlango kidogo. Nilikuwa nimejifunza sentensi ya Kiswahili njiani, ikanipotea. "Hii... ni yako," nikasema. Alilipokea, akalinusa, akaniuliza jambo ambalo sikuwa nimeliwaza. "Na wewe utakuwa nani?" Nikainua mabega. Akafikiri kwa makini, kama anayegawa chakula cha watu wengi. "Mulinzi anaenda kwa batu asiojua luga yabo," alisema. "Iko na lazima ya mutu wa kumusemea. Utanisemea."

Basi mchezo ukahamia Kiswahili, maana Mlinzi hakujua lugha nyingine tuliyokuwa nayo sote. Mwanzoni niliongea kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, nikitafuta kila neno kabla ya kuweka mguu. Furaha alisema "kuya", mimi nikasema "kuja". Yeye "muriango", mimi "mlango". Ndege aliiita "avion", na Brian anaiita hivyo hata leo. Idi, aliyekuwa amekua, alianza kushuka kwa kisingizio cha kutupatia sabuni, akatusahihisha wote kwa Kiswahili cha Tanga, mpaka tukampa cheo cha adui mkuu. Na Jumamosi jioni, kwenye zulia la Mama Idi, nilijikuta nimeanza kumsubiri yule mama mnene wa kwenye televisheni.

Mshauri wa shule alikuja alasiri moja shule ikikaribia kufungwa. Alikuwa mwanamke wa Kimarekani mwenye uso wa huruma na mkoba mkubwa, na Mama Furaha alikuwa bado njiani kutoka kazini. Mama Idi ndiye aliyempokea. Hakumkaribisha kiti. Alimwambia tu, kwa kile Kiingereza chake cha Uingereza, "Njoo nami," akamshusha ngazi, akamsimamisha nje ya mlango wa chumba cha kufulia. Sisi hatukujua. Ndani, sayari ilikuwa inawaka moto, na Furaha alikuwa juu ya meza akitoa amri, akifoka, akibembeleza, akicheka, mikono yake ikiruka huku na huku. Mimi nilikuwa nikimsemea kwa adui kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi. Mlango uliposukumwa nikamwona yule mama amesimama, mkoba umemtelemka hadi kwenye kiwiko. Furaha alinyamaza. Nikaogopa kwamba yote yameharibika. Mshauri akachuchumaa, akaniuliza mimi, "Je, anaweza kuniambia jina lake?" Nikamgeukia Furaha. Alitazama mikono yake. Kisha akainua uso, akasema, "Mwambie naitwa Furaha. Na umuulize yeye anaitwa nani, sababu amekuya kwetu bila kusema."

Nilimwambia vyote viwili. Yule mama alicheka mpaka akajifuta macho, akajibu.

Furaha hakupelekwa shule ya mbali. Alibaki nasi mwaka mmoja na kitu, kisha mama yake akapata kazi nzuri zaidi Ohio wakahama, na mchezo ukafa kifo cha kawaida, kama michezo inavyokufa watoto wanapoanza kujali nywele zao. Mimi leo ni mkalimani wa mahakamani, mara nyingi Upper Marlboro, ninawasemea Wakenya, Watanzania na Wakongo mbele ya watu wasiojua lugha yao. Kile kipindi bado kinaendelea, na juzi wametangaza mwigizaji mwingine tena. Nilisoma mtandaoni jinsi watu wazima walivyotukanana kwa ajili yake, watu wasiojuana hata majina, na nikaona jinsi tulivyobahatika sisi kugombania jambo hilo tukiwa chumba kimoja, tukionana usoni, tukiwa na nguo za kukunja.

Mwezi uliopita Furaha alikuja kunitembelea na binti yake wa miaka mitano. Tulikwenda kutembea ukingoni mwa mto pale Oxon Hill. Furaha alimzungumzisha mtoto Kiswahili njia nzima, na mtoto akamjibu njia nzima kwa Kiingereza, kwa adabu, bila kukosea. Furaha akanigeukia amechoka. "Unamusikia? Nifanye nini na huyu?" Zamani ningekuwa na methali ya kumpa. Nilimtazama yule mtoto akikimbia mbele yetu, akiimba kitu chake mwenyewe.

"Mwache," nikamwambia. "Anakielewa chote. Siku atakapompata mtu wa kumsemea, atakisema."