Dari Iliyoangukia Chai ya Mwenyekiti

Taifa zima linaombwa kusimama kimya kwa dakika moja kuikumbuka dari ya sebule ya nyumba namba 214, mtaa wa Umoja, Nairobi, ambayo sehemu yake ilituaga Jumapili iliyopita saa kumi na dakika ishirini alasiri, ikiwa na umri wa miaka miwili.

Kama taifa lina shughuli nyingine, si neno. Kilichoanguka ni kipande cha ukubwa wa sahani, na kona yake ilizikwa ndani ya kikombe cha chai. Tena nyumba yenyewe ni ya Bwana Naftaly Ngigi, karani wa bohari, ambaye ni baba mzazi wa mwandishi wa makala haya. Kwa hiyo hata nauli ya kufika kwenye tukio haikuhitajika.

Lakini yuko mtu mmoja asiyecheka.

Saa mbili asubuhi, Jumamosi hii ya mwezi wa Aprili 1985, Mbeti Muasya amesimama juu ya ubao uliolazwa kwenye mapipa mawili, shingo imepinda, kitambaa kimefungwa puani. Mkono mmoja una brashi ya maji, mwingine una kikwangua. Analowesha dari, anasubiri, anakwangua. Hakwangui pakavu hata siku moja, kwa sababu fundi aliyemfundisha, Mzee Nalianya, alikwangua pakavu maisha yake yote na akamaliza miaka mitatu ya mwisho akikohoa.

"Andika," anamwambia mwandishi bila kumtazama. "Andika kwamba baba yako ameniambia nitoe kazi yangu mwenyewe, kazi nzuri, nitoe yote, niweke nyingine bure. Sikia."

Anakwangua. Dari inalia kama jiwe.

"Umesikia? Kitu kibovu kinalia hivyo? Kitu kibovu kingenishukia chenyewe nikiwa bado napanda."

Mama huyu wa miaka arobaini na sita, ambaye majirani humwita Mama Kilonzo kwa jina la mwanawe wa kwanza, ni fundi wa dari za mapambo. Ni zile dari zisizo laini, zinazopakwa mchanganyiko mzito wa plasta, chokaa na gundi, kisha zikachorwa kabla hazijakauka. Wako mafundi wanaozigongagonga kwa sponji zikatoka na vipele. Mbeti huchora vipepeo vya ukili, kile kipepeo cha kupungia jiko, kimoja kikiegemea kingine kutoka mlangoni hadi dirishani. Chombo chake ni kitana chenye meno saba alichokikata kwa kisu kutoka kwenye tairi la lori.

Alizaliwa Wamunyu, Ukambani, katika nyumba ya wachonga vinyago. Wavulana walipewa patasi. Yeye alipewa msasa.

"Nilisugua twiga wa watu mpaka nikawachukia twiga," anasema. "Baba aliniambia mkono wa msichana hautulii. Nikamwambia sawa. Nikaja Nairobi."

Hiyo ilikuwa mwaka 1969. Alibeba zege na mawe kwenye ujenzi kwa miaka mitano, kwa shilingi saba kwa siku, hadi Mzee Nalianya alipougua katikati ya kazi na kumwachia mwiko kwa jioni moja. Mwiko huo haukurudi. Tangu hapo amepaka zaidi ya dari mia moja na themanini, kutoka Baba Dogo anakoishi hadi huku Umoja, kwa shilingi mia mbili na hamsini kwa chumba, vifaa juu ya mwenye nyumba.

Hasira yake haikuanza Jumapili. Mwandishi alipomwuliza, kwa sauti ya heshima inayostahili gazeti, ni changamoto zipi anazokutana nazo kazini, alishuka mpaka chini ili ajibu vizuri.

"Changamoto? Miaka kumi na moja naingia kwa watu nikiwa na ngazi begani na ndoo mkononi. Mwenye nyumba ananiangalia, anaangalia nyuma yangu, ananiuliza, 'Fundi mwenyewe anakuja saa ngapi?' Siku hizi namwambia amefika, lakini hawezi kuanza kabla ya chai."

Akapanda tena.

Sasa kuhusu Jumapili. Kanisa la mtaa linajenga ukumbi wa futi sitini kwa thelathini, na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ni Bwana Maingi, dereva mstaafu, mtu wa maneno machache na masharubu mengi. Kazi ya dari alikuwa amekwisha kumwahidi Mbeti. Kwa Mbeti, dari hiyo si chumba kingine tu. Ni dari itakayotazamwa na watu mia tatu kila wiki, hasa mahubiri yakirefuka, na amepanga kuifanya pamoja na wanawake wawili ambao bado wanabeba mawe kwenye ujenzi.

Bwana Maingi alitaka tu kuona mfano. Akaja nyumba namba 214 baada ya ibada pamoja na wazee wengine saba, akaketi chini ya dari, akainua uso kuitazama, akashusha uso kunywa chai. Dari ikamfuata.

Hakuumia. Lakini Bwana Ngigi, akiwa amesimama na birika mkononi mbele ya wageni wanane, alisema maneno haya: "Huyu mama alituuzia unga kwa bei ya plasta."

Kufikia Jumatatu jioni maneno hayo yalikuwa yamefika dukani, bombani na kwa kinyozi. Kufikia Jumatano, nyumba tatu zilizokuwa zimempa Mbeti kazi zilikuwa zimepata mafundi wengine. Na Bwana Maingi akatuma ujumbe kwamba leo, saa nne asubuhi, atakuja kuangalia kwa mara ya mwisho, kisha kamati itaamua.

"Wanane," anasema Mbeti, na safari hii kikwangua kinakwama kwenye dari kwa nguvu aliyoipigia. "Wanaume wanane wazima. Hakuna hata mmoja aliyesema, ngoja tumwite mwenyewe tumwulize. Gari la Bwana Maingi likizima njiani alikuwa anashuka anafungua boneti. Mimi nikizimwa, boneti haifunguliwi."

Mwandishi aliyaandika hayo kwa uaminifu, akapiga mstari chini yake, na kuona inafaa kwenda kunywa maji.

Aliporudi, ndoo mpya ilikuwa inakorogwa. Hapo ndipo siri ya kazi ya Mbeti inapoonekana, na si siri anayoificha. Kutoka kwenye mfuko wa gunia alitoa konzi ya nywele za mbuzi, zimeoshwa na kuanikwa, akazitawanya ndani ya plasta kama mtu anayetia bizari.

Kila Ijumaa akitoka Baba Dogo hupitia Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi, ambako mfanyabiashara anayeitwa Burale humwekea gunia la nywele zinazobaki wakisafisha ngozi. Mzee Nalianya ndiye aliyemfundisha. Nywele hushikana ndani ya plasta, na plasta ikitaka kupasuka nywele hukataa.

"Burale ananicheka kila wiki," anasema. "Ananiambia, 'Mama, watu wananunua nyama, wewe unaomba ndevu.' Namwambia nyama yako inaisha Jumapili. Ndevu zako ziko juu ya vichwa vya watu wa Umoja tangu mwaka sabini na nne."

Saa nne kamili Bwana Maingi anabisha hodi. Nusu ya dari sasa iko sakafuni, imelowa, imetiwa ndani ya magunia. Bwana Ngigi anamkaribisha, na kwa sababu yeye ni karani na hatupi kitu, anatoa kabatini bahasha kubwa ya kazini. Juu yake ameandika tarehe, saa na neno "Ushahidi". Ndani kuna kile kipande.

"Mama Kilonzo," anasema Bwana Ngigi, "mimi sina ubaya na wewe. Lakini mwenyekiti ajionee. Kipande ndicho hiki."

"Baba Muturi, nilikuomba kipande hicho tangu Jumatatu."

"Nilikuwa nimekihifadhi."

"Kutoka kwangu?"

Bwana Ngigi anakohoa, ingawa vumbi limeloweshwa vizuri.

Mbeti anajifuta mikono kwenye leso, anakichukua kipande na kukivunja vipande viwili. Kinavunjika kama biskuti. Anamwonyesha mwenyekiti sehemu iliyovunjika. Kisha anainama, anachukua kipande kingine kutoka kwenye gunia la sakafuni, kile alichokikwangua asubuhi, na kujaribu kukivunja. Kinapasuka lakini hakiachani, vipande viwili vinaning'inia kwa nywele nyeusi na nyeupe.

"Hesabu nywele kwenye hiki cha bahasha," anamwambia mwenyekiti.

Bwana Maingi anavaa miwani. Anatazama muda mrefu. "Hamna."

Mbeti anaweka kipande ulimini. Anatafuna kidogo, anatema kwenye kiganja.

"Unga wa ngano," anasema. "Na chaki. Chaki ya ubaoni, ya mwalimu. Baba Muturi, ulisema kweli. Ni unga. Lakini mimi sikupika hapa."

Kutoka jikoni mke wa Bwana Ngigi, Bi Teresiah, anatokeza kichwa. "Unga wangu," anasema polepole. "Ule wa Krismasi. Nilimfukuza msichana wa kazi kwa ajili ya ule unga."

Mbeti amekigeuza kipande kwenye mwanga wa dirisha, upande ule wa mapambo.

"Aliyeziba tundu alijaribu kuchora kipepeo changu," anasema. "Alijitahidi. Lakini mimi nina meno saba, yote yamekaa sawa. Huyu alitumia chanuo cha nywele. Na tazama hapa katikati, mstari mmoja haupo. Chanuo chenyewe kina pengo."

Hapo Mama Kilonzo akageuka. Hakutazama baba wala mama. Alitazama mfuko wa nyuma wa suruali ya mwandishi wa makala haya, ambamo, kama ilivyo desturi ya vijana nadhifu wakati wa likizo, hata wale ambao shule ya bweni huwanyoa kila mwezi, kulikuwa na chanuo jeusi.

"Lete," akasema.

Nililileta. Meno tisa, la tano halipo. Aliliweka juu ya kipande na likaingia kwenye mistari kama ufunguo.

Basi niache sasa kujiita mwandishi wa makala haya. Ni mimi, Muturi Ngigi, kidato cha tatu. Desemba iliyopita, siku wazazi walipokwenda kuona wagonjwa, nilimwonyesha dada yangu ufundi wa bwenini, wa kulowesha karatasi ya chooni, kuifinyanga na kuirusha igande kwenye dari. Iligandana. Niliposhindwa kuibandua nilitumia mti wa fagio, tena kwa pigo lililokuwa na majivuno, na kikatoka kipande cha ukubwa wa sahani. Nikakoroga vikombe viwili vya unga, nikaponda chaki nilizozitoa shuleni bila ruhusa, nikaziba, nikachana, nikajipongeza. Ilikaa miezi minne. Halafu mvua za Aprili zikaanza, vigae vikavuja, na uji ukakumbuka kwamba ni uji.

Jumapili nilinyamaza. Jumatatu nilinyamaza. Msichana wa kazi alikuwa ameshafukuzwa tangu Desemba, na nilinyamaza. Leo nilichukua daftari nikasema nitamwandika Mama Kilonzo gazetini, nikidhani hiyo ni njia ya kumlipa bila kusema.

Baba hakunipiga mbele ya wageni. Alivua miwani, akamwambia, "Mama Kilonzo, nisamehe."

"Si hapa," akajibu. "Hapa ni watu wanne. Uliponitukana walikuwa wanane, na sasa ni mtaa. Kesho baada ya ibada utasimama useme, Baba Muturi, na huyu mtoto wako atasimama karibu nawe. Na huyo msichana mtamtafuta."

Bwana Maingi alipapasa masharubu yake. "Jumatatu uje kupima ukumbi," akasema.

"Nitakuja na wenzangu wawili. Lakini Jumapili kwanza."

Akapanda tena kwenye ubao wake. Nusu ya dari ilikuwa bado juu, nzuri, imeshikana. Nusu nyingine ilikuwa kwenye magunia miguuni pangu. Aliikwangua kwa saa mbili nzima nami nikiwa nimesimama chini yake, nikijua, nikimwuliza ana changamoto gani.

Alichovya brashi kwenye maji, akanitazama kutoka juu.

"Hayo ya saa mbili nzima umeandika?"

Nilikuwa sijaandika. Sasa nimeandika.