Toba Niliyoikatiza

Andika, mjukuu wangu, wala usiyapambe maneno yangu. Katika juma la uamsho, kanisani kwetu Wabaptisti hapa ugenini Okolona, shangazi yako, binti yangu, alisimama kutubu mbele ya watu, kama desturi yetu ilivyo. Alianza kwa Kiingereza. Mimi, shemasi nisiyeijua lugha hiyo, nilidhani anajivunia shule. Nikamkemea, “Keti! Mungu wa hapa anasikia Kiswahili.” Vijana wakacheka. Aliketi, na kabla ya mwezi kwisha akahamia mji wa mbali, Buffalo.

Baadaye wewe ndiwe uliyenifasiria: alikuwa akiniomba mimi msamaha. Nikimpigia simu kumwuliza, hujibu, “Papa, ile ilishapita.” Ningemsamehe lolote, lakini kosa lenyewe silijui hadi leo, kwa kuwa nilimketisha kabla hajalitaja.