Nilivyotapika Kahawa ya Shemeji

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, tusimtafute mwingine.

Asubuhi nilitapika kahawa.

Siyo kahawa ya kunywa. Vipunje vyeusi tititi, kama machicha yanayobaki chini ya sufuria!

Jana yake nilikuwa Isingiro kwa Protase, kaka wa mke wangu. Tunagombea mpaka wa shamba la migomba. Akanikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo kawaida yetu. Mimi nikatafuna. Yeye? Hata punje moja!

"Kemirembe," nikamwambia mke wangu, "kaka yako kaniwekea kitu."

"Baba Mahoro, choo chako ni cheusi kama lami tangu Jumatatu. Kwa Protase umekwenda jana."

Mimi na hesabu wapi na wapi. Nikataka nipelekwe Igurwa, kwa mzee mmoja anayetapisha watu sumu. Nikainuka nivae viatu.

Nikaanguka puu!

Nilizindukia hospitalini. Daktari Joanitha, mama mkali wa miwani, akauliza, "Unatumia dawa gani?"

"Situmii. Ni diklofenaki tu, za mgongo."

"Tangu lini?"

"Mwezi hivi. Asubuhi kabla ya chai, na jioni."

"Na unasema hutumii!"

Nikaingizwa mpira mwembamba wenye kamera, mdomoni hadi tumboni. Kumbe vile vidonge vimenichimba kidonda, na mshipa unavuja. Akaudunga sindano, akaubana kwa kibanio kidogo. Damu ikikaa tumboni, akasema, tindikali huigeuza ikafanana na machicha ya kahawa.

Ndugu zangu, ukitapika hivyo, au choo kikawa cha lami, kimbia hospitali kwanza. Mchawi utamtafuta ukipona. Na vidonge vya maumivu si karanga.

Ningeishia hapo ningeonekana nimeerevuka. Lakini mchana Protase akaingia wodini, nami nimelala natundikiwa damu, shaka bado imenikaba.

"Umekuja kuhakikisha?" nikamfokea. "Ulitaka nife uchukue migomba yangu!"

Kemirembe akajifunika uso kwa kitenge. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuza shingo kusikiliza.

Protase akautazama mfuko wa damu unaoning'inia juu yangu. Kisha akakunja mkono wa shati, akanionyesha pamba iliyobandikwa mkononi mwake.

"Shemeji, hiyo inayokuingia ni yangu. Ningetaka ufe, ningebaki nayo."