Maneno Yanayoanza na Str

Siku yangu ya kwanza kufundisha Kiingereza pale Kasongo, perefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, alinisindikiza hadi mlangoni mwa darasa. "Mama Mwalimu," akanong'ona, "hawa watoto wanaogopa hii lugha. Uwafanye wacheke kwanza."

Niliandika ubaoni herufi tatu: s, t, r. Chini yake nikaweka street, barabara, string, kamba, strong, mwenye nguvu, stranger, mgeni. Njia hiyo tuliiita familia: maneno yenye mwanzo mmoja yanakaa pamoja, lakini kila moja lina maana yake. Wanafunzi wakasema "sitirongi", wakacheka, wakarudia. Perefe mwenyewe alikuwa nje ya dirisha, akijaribu kwa sauti ya chini.

Baadaye nikahamishiwa Kabambare. Nilifika kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Perefe wa huko hakuzipenda familia zangu. "Mama, huo wimbo wa herufi utawafikisha wapi? Fundisha sarufi."

Asubuhi moja alianguka ofisini. Tulimkimbiza hospitali, na siku hizo alikuwepo daktari mgeni asiyejua Kifaransa wala Kiswahili. Alimpima, akazungumza kwa Kiingereza na muuguzi kijana, naye muuguzi akatoka akitabasamu: "Munganga anasema baba iko strong! Iko na nguvu!" Mke wa perefe akapiga vigelegele. Shemeji yake akaenda kuwasha pikipiki wamrudishe kijijini kwao, Wamaza.

Lakini mimi nilikuwa nimeuona mdomo wa mgonjwa umepinda. Nikamwomba daktari arudie polepole.

"Stroke," akasema.

"Zimeni pikipiki!" nikapaza sauti. "Ni kiharusi!"

Muuguzi akashika kichwa. "Asante, Mama, nilisikia vibaya," akasema, akakimbia kuandaa kitanda.

Perefe alilazwa wiki kadhaa. Mkono ulipona, ulimi ukachelewa. Daktari alitaka auzoeze kwa maneno magumu, basi perefe akaja darasani kwangu na mkongojo wake, akaketi dawati la mbele. Street ikatoka "teet". Watoto wakauma midomo.

"Chekeni tu," akawaambia.

Siku aliyotamka strong yote, darasa zima lilisimama likapiga makofi, naye akalia mbele yetu bila haya.

Sasa nimestaafu, nimerudi Kasongo. Walimu vijana wakija, nawaambia: sauti ya neno ipendeze, lakini msiiache maana nyuma, kuna mtu anaisubiri. Juzi mjukuu wangu alitaka neno linaloanza na gr.

"Grandmother," nikamwambia.

"Maana yake?"

"Ni bibi, yule anayekuambia uoshe sahani kwanza."