Dereva wa tramu aliyegawa vidonge vyake

Saa nne asubuhi karakana ya tramu, magari ya umeme yapitayo kwenye reli za mjini, jijini Sarajevo imetulia. Magari yote yako njiani, yamebaki mawili mabovu. Mevlida Karačić amepanda moja akiwa na ndoo, anasugua kioo cha mbele. Akimaliza, anakaa kidogo kwenye kiti cha dereva na kushika wenzo wa mwendo. Gari halina umeme, naye hana kibali.

Kwa zaidi ya miaka ishirini Mevlida, mwenye miaka 54, aliendesha tramu kati ya Ilidža na Baščaršija. Mwaka jana, kwenye upimaji wa madereva, presha yake ilisoma 190 kwa 110, ingawa alikuwa akimeza dawa za aina tatu. Akateremshwa kwenye usukani, akapewa ndoo, na mshahara ukapungua karibu theluthi.

“Kuosha gari si aibu,” anasema. “Kinachoniuma ni kusikia mtu mwingine akilifunga breki vibaya.”

Daktari wake wa moyo, Neira Tahmiščija, ndiye aliyempa habari za matibabu ya mishipa ya fahamu ya figo. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa damu kuanzia kinenani mpaka karibu na figo. Hapo ncha yake hutoa joto, na joto hilo hutuliza mishipa ya fahamu inayochochea presha. Daktari hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia presha hushuka polepole, tena kuna ambao haiwashukii kabisa, na kwamba dawa ziendelee mpaka atakapoambiwa vinginevyo.

Sikio la kufa halisikii dawa. Mevlida alifanyiwa matibabu hayo, akalala hospitali usiku mmoja, akarudi kwenye jengo lao la ghorofa, na wiki iliyofuata akashuka kunywa kahawa kwa jirani yake wa chini, Ruža Vidović, mjane wa miaka 71. Kwa Ruža, mkanda wa kupimia presha huzunguka meza pamoja na bakuli la sukari. Anayekutwa presha imepanda hupewa kidonge na yeyote aliyenacho mkobani, na hakuna anayeuliza ni cha nini.

Siku hiyo presha ya Mevlida ilisoma 150, majirani wakampigia makofi. Akajiona amepona. Kwa kuwa kutupa dawa ni dhambi, alimwachia Ruža vidonge vyake vyote.

Ruža akavimeza juu ya vile vyake. Haukupita muda, kizunguzungu kikamshika kwenye ngazi, akaanguka na kuvunjika mkono. Presha ya Mevlida nayo ikarudi 180.

Daktari hakufoka. Alimuuliza tu, “Mama, tramu yako ikiongezwa breki mpya, ile ya zamani unaing'oa ukampe jirani?”

Mevlida alianza dawa upya, lakini kwenye kahawa hakuonekana tena. Alikuwa akipita mlango wa Ruža kwa kunyata. Mwishowe Ruža mwenyewe, mkono ukiwa kwenye plasta, alipanda mpaka ghorofa ya nne na kugonga.

“Mdogo wangu, kidonge ulinipa wewe, lakini kukimeza nilikimeza mwenyewe,” akamwambia. “Haya, shuka. Kahawa inapoa.”

Mevlida anakiri kwamba alilia mlangoni pale. Akashuka.

Mkanda bado unazunguka meza ile, ila vidonge sasa kila mtu anakaa na vyake. Imepita miezi kadhaa tangu matibabu, na wiki hii kipimo kimesoma 134. Daktari amempunguzia dawa aina moja, naye ameitii hesabu hiyo bila kuongeza lake.

Upimaji wa madereva ni Jumatatu. Wenzake karakanani wanamtania kwamba tramu zitamkosa mwoshaji. Yeye anakamua kitambaa. Akiulizwa atafanya nini endapo atapita, anageuka kutazama kiti kilicho nyuma ya kile cha dereva.

“Safari ya kwanza, Ruža atakaa pale. Mkono wake haujapona sawasawa,” anasema. “Nitafunga breki taratibu, hata asijue kama tumesimama.”