Jina Langu Hewani

Binamu yangu, anayefanya kazi katika ofisi ya ghorofani, aliketi kwenye kochi letu pale Kagarama akaanza kuyafuta maisha yangu kwenye wasifu wangu wa kuombea kazi, katika kompyuta yake. Alifuta mtaa nilikozaliwa. Akafuta miaka niliyoshona nguo na baba. Alipofika kwenye lugha, akasita.

"Hapa umeanza na Kiswahili. Weka Kiingereza juu, kisha Kifaransa. Kiswahili kitie mwisho."

"Kazi yenyewe ni ya kutangaza kwa Kiswahili."

"Hata hivyo," akasema. "Watakuelewa vibaya."

Nilijua anachokiogopa. Kwetu Kigali, mtu akikuita mswahili huwa hasemi habari ya lugha peke yake. Anamaanisha kwamba wewe ni Mwislamu, na mara nyingi anamaanisha pia kwamba una maneno mengi, mjanja, mtu wa kuangaliwa mikono. Babu mzaa baba alikuja na vitambaa kutoka pwani, akaoa Mnyarwanda, akazikwa hapa hapa. Vizazi viwili baadaye bado tunaulizwa tumetoka wapi.

Na mimi tangu utotoni nilitaka kazi moja tu: kuamsha watu kwa redio. Baba alikuwa akishona huku redio imewashwa, nami nikikaa chini kwenye vipande vya vitambaa, nikirudia kila neno la mtangazaji mpaka wateja wakacheka. Nilisoma uandishi wa habari kwa sababu hiyo. Kisha nikamaliza masomo, nikaanza kuomba kazi, na hakuna aliyenijibu. Niliwahi hata kuhudhuria mafunzo ya vijana wanaotafuta ajira. Mwalimu alisimama mbele akatuhimiza, "Jitofautisheni!" Halafu akatugawia sote mfano mmoja wa wasifu tuunakili. Tulitoka pale tumefanana kama sare za shule.

Basi redio moja ilipotangaza nafasi ya mtangazaji wa kipindi cha asubuhi cha Kiswahili, nilimshukuru binamu yangu, nikasubiri aondoke, nikarudisha kila alichofuta.

Walitaka pia sauti. Walitutumia habari fupi kuhusu mabasi kubadilishiwa njia, tuisome, tujirekodi. Nilijua wenzangu wangejifungia chumbani, dirisha limezibwa kwa blanketi, wakiiga lafudhi ya Dar es Salaam. Mimi nilikwenda kituo cha mabasi cha Remera, nikasimama karibu na foleni, nikaisoma habari ile kwa sauti, simu ikirekodi.

Watu waligeuka. Mama mmoja mwenye kapu la maparachichi akanitazama kama nimemtukana.

"Sasa mimi iko nataka kufika Kagarama. Nitapandia wapi?"

"Habari imeshasema, mama. Abiria wa upande wa kusini wataelekezwa kwenye njia mbadala."

"Mbadala ni nini, sha, mwenzangu?"

Foleni yote ikacheka, nami nikacheka. Nikaanza upya. Nikamweleza kwa Kiswahili cha hapa kwetu, kile kinachochanganyika na Kinyarwanda bila kuomba ruhusa, basi limehamia wapi na ashukie wapi. Jamaa mmoja kutoka Bukavu akadakia kwamba nimekosea kituo, na kweli nilikuwa nimekosea. Nikajirekebisha. Mama akasema, "Ehe! Sasa umesema." Nikazima simu. Sikukata kitu, nikaituma hivyo hivyo.

Waliniita.

Ofisi zao ziko Kinyinya, kwenye barabara ambayo kila upande kuna nyumba inajengwa. Nilifika viatu vyekundu kwa vumbi, mtandio wangu nimeufunga vizuri. Walinipokea watu wawili: meneja wa vipindi, kijana aliyenyoa kwa uangalifu, na mhariri, mama wa makamo aliyekulia Bujumbura, mwenye rozari iliyozungushwa mkononi. Nyuma yao, kupitia kioo, niliiona studio. Nilijizuia nisiitazame sana.

"Tuliomba usome," meneja alisema. "Hatukuomba mjadala wa kituo cha basi."

"Nilisoma. Mwanzoni pale. Hawakuelewa, ndiyo maana nikaendelea."

"Ulikosea, na hukuifuta sehemu hiyo."

"Yule bwana alinirekebisha mbele ya watu. Ningeifuta, ningekuwa nimemfuta na yeye."

Mhariri aliinamisha uso. Nilidhani anaficha kicheko. Wakanipa taarifa nyingine niisome pale pale, nikaisoma kwa Kiswahili sanifu, ngeli zote mahali pake. Meneja akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akaegemea kiti.

"Sauti unayo. Sasa, hili jina lako. Watu wakilisikia alfajiri watadhani ni kipindi cha dini. Tutakupa jina la hewani, jepesi. Na ile lafudhi ya kijiweni, ya mtaani, utaiacha nje ya mlango. Sawa?"

Nitasema ukweli: "sawa" ilikuwa tayari imefika ulimini. Kiti nilichokiota kilikuwa nyuma ya kioo kile, hatua chache tu. Nilimfikiria bibi yangu aliyenipa jina lile siku nilipozaliwa, na walimu waliolitamka kwa kukunja pua, na jinsi nilivyozoea kulitaja haraka haraka ili lipite.

Sikulitaja haraka tena. Nililisema lote, la kwangu, la baba na la babu, taratibu.

"Ndilo hilo," nikasema. "Kama ni zito, wasikilizaji watalizoea. Mlitangaza kwamba mnatafuta mtu wa pekee. Nimekuja. Mkishanipunguza jina na mdomo, mtabaki na nani?"

"Tutakupigia," meneja alijibu, akaifunga kompyuta.

Binamu yangu alipopata habari alinijia juu. "Jina tu! Ungelikubali, ukaingia, ukalirudisha baadaye!" Hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni baba. Alisimamisha cherehani, akavua miwani.

"Ungekubali, mwanangu," akasema kwa upole. "Mimi nisingekasirika. Jina linajua njia ya kurudi nyumbani."

Ndipo nilipotazama kibao cha duka lake, kibao nilichokipita maisha yangu yote. Kimeandikwa "Fundi Cherehani", basi. Majirani wote wameweka majina yao. Sikumuuliza kwa nini. Nilijua, na kule kujua kukaniuma kuliko maneno ya meneja.

"Lako lilikaa ndani miaka yote hii, baba," nikamwambia. "Langu litatoka."

Aliurudisha mguu kwenye kanyagio.

Mhariri ndiye aliyepiga simu. Kiti cha asubuhi kilikuwa kimepewa kijana aliyesomea Dar es Salaam, mwenye lafudhi safi. Niliisogeza simu mbali na sikio.

"Upo?" akauliza. "Katikati ya kipindi nimetenga nafasi. Mtu atoke nje, asikilize watu, aongee nao. Nakutaka wewe."

"Kwa jina gani?"

"Kwa jina lako. Nimegombana nao juma zima."

"Na lugha?"

"Ile ya foleni. Ila ukisoma taarifa, usome kama ulivyosoma siku ile."

"Nakuja, mama. Lakini kile kiti bado nakitaka."

"Najua," akasema. "Ungeniambia hukitaki, nisingekuamini."

Sasa ni mwaka wa pili. Yule kijana aliyepewa kiti cha studio na mimi tunaelewana vizuri. Hana kosa lolote. Meneja akinikuta kwenye ngazi ananisalimu kwa jina langu lote, na sijajua bado kama ni heshima au kejeli. Malalamiko huja. Juzi nilikuwa sokoni, hewani, kati ya wauza nyanya, ujumbe wa msikilizaji ukaingia kwenye simu yangu: "Mwambieni huyo mswahili arudi sokoni alikotoka."

Kwenye simu nilimsikia mwenzangu wa studio akinong'ona, "Usiusome huo." Nikausoma. Nikaurudia, ili hata wa pembeni asikie. Halafu nikasema, "Ndugu msikilizaji, nimeshafika. Niko upande wa nyanya. Jina langu unalijua. Njoo."

Wale akina mama wa nyanya walipiga vigelegele mpaka fundi wa studio akashusha sauti. Mmoja akaninyang'anya maikrofoni, akatangaza bei ya nyanya zake, na sikumzuia.