Tao la Maboksi

Mwanangu anakoroga gundi ya unga jikoni, na harufu hiyo inanirudisha utotoni, getini kwetu mtaa wa Troyeville, ugenini.

Mwalimu alikuwa ametusimulia kwamba askari wa Roma ya kale wakirudi na ushindi walipita chini ya tao kubwa, mji mzima ukishangilia. Basi mimi na dada tukaunganisha kwa gundi ya unga maboksi matupu ya vitenge vya mama, tukasimamisha tao letu. Asubuhi baba akarudi kutoka kazi yake ya ulinzi, amevaa sare yake. Tukapiga masufuria kama wazimu!

“Jenerali! Jenerali karudi!”

Akasimama. “Mimi vita nilivikimbia kule Kongo. Nimemshinda nani?”

Mama akajibu kutoka mlangoni, “Umerudi muzima, papa. Pita.”

Akapita ameinama, kofia mkononi. Kisha akarudi nyuma, akavaa kofia sawasawa, akapita tena.